Antivairasi ipi inafaa kompyuta ya nyumbani inayotumia bando?

Mkuu, umeuliza ununue ipi kati ya Kaspersky, Norton, Bitdefender na ESET, au ubaki na Defender inayokuja na Windows. Umesema laptopu ni moja, unafanyia kazi zako, watoto wanasomea, na intaneti inatoka kwenye simu yako. Nakujibu kwa niliyoyaona mwenyewe, maana kompyuta za ndugu, majirani na walimu wa hapa Morogoro hupita mikononi mwangu mara kwa mara, na nyingi zinatumika hivyohivyo kama ya kwako.

Mwenye faiba nyumbani, intaneti ipo asubuhi hadi usiku, mimi humwambia abaki na Defender na hela ya leseni anunulie diski ya nje ya kuwekea nakala za kazi zake. Kwa mtu wa bando jibu linabadilika, na hapa ndipo ushauri mwingi wa mtandaoni unapotupotosha, kwa sababu umeandikwa na watu ambao intaneti yao haikatiki.

Hizi programu zote zinafanya kazi kwa njia mbili. Kuna orodha ya virusi na kanuni za kuvitambua iliyomo ndani ya kompyuta, halafu kuna kuuliza seva za kampuni: "hili faili nimekutana nalo sasa hivi, mnalijua?" Defender inaitegemea sana hiyo njia ya pili. Maabara ya AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, hupima zote mbili kando, kompyuta ikiwa na intaneti na ikiwa haina. Kwenye ripoti zao, Defender ikiwa mtandaoni inakwenda sambamba na wakubwa. Ikikatiwa intaneti, inashuka sana. Bitdefender inabaki karibu palepale. Kwa hiyo ukisoma jedwali lolote la kulinganisha, tafuta kwanza safu ya matokeo ya nje ya mtandao. Nyota na medali zije baadaye.

Kuna na hili la apdeti. Wengi wetu tukiunganisha laptopu na simu tunaiwekea "metered connection" (mpangilio wa kubana matumizi ya data) ili Windows isimalize bando. Ni sawa kabisa, ila Defender nayo kwa kawaida huacha kujiapdeti yenyewe kwenye muunganisho wa aina hiyo. Fungua Windows Security, ingia Virus & threat protection, shuka mpaka Protection updates uangalie tarehe. Nimekuta kompyuta ambazo orodha yake ya virusi imepitwa kwa miezi, na alama ya kijani ilishamfanya mwenyewe aamini yuko salama. Bonyeza Check for updates wewe mwenyewe angalau mara moja kwa wiki. Kama kazini kuna intaneti ya bure, Microsoft wanatoa faili liitwalo mpam-fe.exe kwenye tovuti yao. Linazidi MB 100, unalipakua huko, unalibeba kwenye flashi, unalifungua nyumbani na orodha inakuwa mpya bila kugusa bando lako.

Sasa flashi, maana kwetu virusi vingi vinaingilia hapo. Mtoto anakwenda stationari kuprinti au kuchukua mitihani ya miaka iliyopita, anarudi, ukifungua flashi unakuta folda zote zimegeuka shotikati za KB 1 au 2. Bofya kulia shotikati mojawapo, fungua Properties, usome kwenye Target: badala ya jina la folda utaona cmd.exe, mbele yake wscript na jina la ajabu lenye kuishia na .vbs. Ukiibofya, folda yako inafunguka kama kawaida, huku nyuma kirusi kinajinakili kwenye kompyuta na kinasubiri flashi inayofuata.

Hapa programu zinatofautiana waziwazi. ESET, flashi ikichomekwa tu, inakuletea dirisha la kuuliza kama iikague, na kwa nyumba yenye watoto nalipenda sana dirisha hilo kwa sababu halimtaki mtu akumbuke chochote. Defender inasubiri faili liguswe ndipo iliangalie. Hata ukiiambia ikague kompyuta nzima, kwa mipangilio yake ya kawaida inaruka flashi, hivyo bofya kulia kwenye flashi yenyewe uchague Scan with Microsoft Defender. Na jambo hili limewaliza watu bure: ikishafuta zile shotikati, flashi inaonekana tupu, mtu anasema antivairasi imekula kazi zake, anaifomati. Usifomati! Folda zipo, zimefichwa tu. Fungua Command Prompt, na kama flashi ni F andika

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

kisha Enter, na vitu vyako vitajitokeza.

Kwa majina uliyotaja, Norton sina neno kubwa juu yake, ila ujue Norton, Avast, AVG na Avira siku hizi ni mali ya kampuni moja, Gen Digital, tangu Norton na Avast zilipoungana mwaka 2022, kwa hiyo kuhama kutoka moja kwenda nyingine humkimbii mwenye mali. Avast ilibanwa na tume ya biashara ya Marekani mwaka 2024 ikatakiwa kulipa dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za tovuti walizotembelea wateja wake. Programu ya kulinda inapofanya hivyo, mimi siiweki kwenye kompyuta ya familia. Kaspersky kiufundi ni kali na madukani kwetu ipo tele, lakini Marekani ilipiga marufuku mauzo yake mwaka 2024. Kama kazi zako ni za shirika la nje, waulize kwanza. Pia hakikisha leseni ni ya kanda yetu, maana ya kanda nyingine inaweza kukataa kuwashwa. Bitdefender ni imara sana, ila ile VPN (njia ya kuficha mawasiliano yako mtandaoni) iliyomo kwenye matoleo ya kawaida ina kikomo cha MB 200 kwa siku, isikuvutie kununua toleo la juu. Fayawoli, yaani ukuta wa kuzuia wavamizi wa mtandaoni, nayo Windows inayo tayari.

Kwa hali uliyoeleza mimi ningechukua ESET kama RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ni GB 4, kwa sababu ni nyepesi, au Bitdefender kama ni GB 8 na diski ni SSD, ile ya kasi. Chukua toleo la chini kabisa, na uzime kujilipia kwa kadi, kwa kuwa bei ya mwaka wa pili hupanda.

Ila hakuna leseni itakayokusaidia kama kijana wa nyumbani anashusha kraki, yaani vifaili vya kutumia programu za kulipia bila kulipa. Ule ukurasa wa kraki humwambia mtu azime antivairasi kwanza, naye anatii. Hivyo ndivyo STOP/Djvu, kirusi kinachofunga mafaili na kudai pesa, kinavyoingia. Niliwahi kuletewa laptopu ya mwalimu, maandalio yake ya masomo na picha za harusi vyote vimefungwa, kila folda ina faili _readme.txt linalodai dola 980, au 490 ukiwahi ndani ya saa 72. Hakuwa na nakala popote. Iliniuma sana, kwa sababu sikuwa na la kumfanyia. Wape watoto akaunti ya kawaida isiyo na uwezo wa kusakinisha kitu. Badala ya kraki ya Word, kuna LibreOffice ya bure. Na ukibaki na Defender, washa Controlled folder access, iko chini ya Ransomware protection na huja ikiwa imezimwa. Inazuia programu isiyojulikana kugusa Documents na Pictures. Mwanzoni itazuia na programu yako halali mojawapo, utairuhusu mwenyewe.

Kabla hujatoa hela, angalia kama ni Windows 10. Microsoft iliacha kuitengenezea viraka vya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Orodha ya virusi ya Defender itaendelea kuletwa hadi Oktoba 2028, lakini antivairasi yoyote juu ya Windows yenye matundu inafanya kazi ngumu zaidi. Kama mashine inakubali Windows 11, anza na hilo, hata kama itabidi uende kwa mtu mwenye faiba.

Niandikie hapa RAM, aina ya diski na toleo la Windows, nikuambie ipi hasa.