Pampu moja, nozeli mbili, kwa nini maji yanatoka tofauti?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nina pampu moja na nozeli mbili, tundu zake nimepima mwenyewe ni saizi moja. Ya kwanza maji yanatoka yamenyooka yanang'aa kama fimbo ya kioo, ya pili yanatoka meupe na yanasambaa hata hayajafika mbali. Rafiki yangu akaniambia niongeze presha, nimeongeza ndo kwanza inazidi. Tatizo liko wapi?

JIBU: Rafiki yako kakupoteza kidogo. Kasi ikipanda na msukosuko unapanda, kwa hiyo ulichofanya ni kuyachochea maji ambayo tayari yalikuwa na fujo zake.

Mhandisi Osborne Reynolds aliliona hili mwaka 1883. Alipitisha uzi wa rangi kwenye maji ndani ya bomba la kioo, kasi ikiwa ndogo uzi unanyooka tu, akiongeza unafika mahali unavurugika ghafla. Siku hizi tunachukua kasi mara kipenyo, tunagawa kwa mnato wa maji (ugumu wake wa kutiririka, ukiwa umegawanywa kwa msongamano), tunapata namba ya Reynolds, na kwenye bomba la kawaida mambo huanza kuharibika namba ikifika kama 2,000 hivi. Ila utamu wake ni huu, akiyatuliza maji vizuri kabla hayajaingia bombani uzi ulikuwa unavumilia mpaka namba inapita 10,000! Yaani kinachoamua sio kasi peke yake, ni na vurugu ambazo maji yamekuja nazo. Tundu la milimita 10 likitoa maji kwa mita 10 kwa sekunde namba ni kama 100,000, hapo kila kona, koki na kiungo ulichopitisha maji kinaonekana kwenye mkondo.

Sasa nozeli. Ile nzuri nina uhakika ndani inabana taratibu na kwa ulaini, maji yanaongezewa kasi kwa pamoja halafu zile fujo zinabaki ndogo ukilinganisha na kasi mpya. Hiyo nyingine chungulia ndani, utakuta inabana ghafla au ukingo wa tundu una kinundu. Pitisha kucha, ikikwama tu basi umempata mchawi. Na usidanganyike na saizi ya tundu, maji yakitoka kwenye tundu lenye ukingo mkali yanaendelea kujibana yakiwa nje mpaka yanabaki kama asilimia 60 na kitu ya eneo la tundu, kwa hiyo tundu sawa haimaanishi maji sawa.

Kabla hujatupa nozeli weka kipande kirefu cha bomba lililonyooka nyuma yake, ndani jaza mirija myembamba ile ya kunywea soda, inakata mizunguko. Ni rahisi mno na inafanya kazi.

SWALI: Mhariri mimi natumia hewa ya kompresa, kelele zinaniua. Nozeli inaweza kusaidia?

JIBU: Sana tu. Hewa ikitoka inagombana na hewa iliyotulia pembeni, mizunguko inazaliwa pale ukingoni, inaivuta ile ya nje iingie, na baada ya vipenyo kama 4 hadi 6 vya tundu kile kiini cha katikati kinakuwa kimeliwa chote. Kelele zinatoka humo kwenye ugomvi. Mwanahisabati James Lighthill alionyesha mwaka 1952 kwamba nguvu ya sauti inaenda na kasi kwa kipeo cha 8, ukiipunguza kasi nusu nguvu hiyo inashuka mara 256. Kwa hiyo chukua tundu kubwa zaidi na presha ndogo. Na kwa ajili ya kelele hizohizo injini za ndege ya Boeing 787 zina meno meno kwenye ukingo wa nyuma, yanachanganya hewa mapema ile mizunguko mikubwa isipate nafasi ya kukua.

Halafu mkondo wa hewa unasikia muziki, sikutanii. Mwaka 1858 mwanasayansi John LeConte aliandika alivyoona ndimi za taa ya gesi, ambayo nayo ni mkondo, zikirukaruka kwa kufuata noti za selo, ala ile kama fidla kubwa. Kwa hiyo mashine inayotetemeka jirani na kompresa yako nayo ina mchango wake hapo.