Neno lililobaki kwenye faili la shangazi

Wiki hii mmeuliza: neno lipi la Kiingereza linamfaa zaidi mtu mwenye hasira za karibu na ulimi mkali? Mimi kinachonikera ni nani analiandika, na analiandika wapi.

Mwaka jana shangazi yangu alianguka bafuni, tukamlaza hospitali moja hapa Mombasa. Siku ya tatu ndipo alipoandikiwa eksirei. Faili nililibeba mimi, maana mnajua jamaa wa mgonjwa ndiye tarishi. Tukakaa kusubiri zamu yetu, mimi kwenye benchi, yeye kwenye kiti cha magurudumu, kauma pindo la leso asipige kelele. Nikalifungua. Mwandiko wa mtu mwenye haraka: "cantankerous". Nikalitafuta kwenye simu. Mkorofi, mgomvi, mwenye gubu. Na kweli usiku wake alikuwa amemwambia muuguzi, "Wewe mtoto, mikono baridi kama samaki wa jana, niondokee!" Alisema kwa Kiswahili cha Mji wa Kale, akaandikwa kwa lugha asiyoisoma. Picha ikatoka: nyonga imevunjika. Siku tatu walikuwa wakimgeuza juu ya nyonga iliyovunjika! Dawa zikabadilishwa, neno halikukatwa. Siku ya kumtoa nililikuta palepale, ukurasa wa kwanza.

Tangu hapo maneno haya nimekuwa nikiyafukua. "Shrew" ni yule kirukanjia, mnyama mdogo wa mdomo mrefu. Karne ya 13 na ya 14 Waingereza walimwita hivyo mwanamume mwovu. Baadaye wakamwachia mke mwenye mdomo. Na sisi tusijitoe, kirukanjia tumemtupia mwanamke vilevile, ila kwa tuhuma nyingine. "Scold" ndilo linaloniuma zaidi. Uingereza lilikuwa jina la kosa la jinai: mwanamke wa kugombana na majirani alifungwa kwenye kiti akazamishwa majini. Adhabu hiyo iliachwa zamani, lakini kosa lenyewe lilibaki katika sheria hadi 1967.

Nilianza barua hii nikitaka kusema yote yatupwe. Lakini namkumbuka yule muuguzi, zamu ya usiku, wodi imejaa, yuko peke yake. Na shangazi, Mungu ampe afya, hata kabla ya kuanguka gubu alikuwa nalo. Sikukuu tulikuwa tukipokezana kwenda kumwamkia ili asituchambue wote kwa pamoja. Maneno yale hayakumwonea kabisa.

Basi mkinibana nichague, nachukua "crabby". Ndani yake mna kaa, na sisi wa pwani tunajua kaa hubana akishikwa. Ila liwe la mtu mwenye afya yake, mwanamume sawa na mwanamke, na liishie mdomoni. Kwenye faili la mgonjwa iandikwe: anafoka akigeuzwa upande wa kulia.