Mtumie salamu, usimdai jibu

Juzi msomaji mmoja aliniandikia: rafiki yake amejifungia, hapokei simu, hajibu ujumbe. "Nimfanyie nini? Naogopa kumsumbua." Msumbue. Kidogo kidogo, lakini msumbue.

Nasema hivyo kwa sababu na mimi niliwahi kujifungia. Nilipoachishwa kazi, simu iliyokuwa haitulii ilinyamaza ghafla. Watu niliowahangaikia wapate nafasi, nilioketi nao msibani, walipotea kama hatujawahi kufahamiana. Waliobaki walikuja na maswali: umepata kazi? Una mpango gani? Majibu sikuwa nayo, nikawa naiacha simu iite mpaka ikatike.

Mwenzangu mmoja wa zamani, ambaye hata hatukuwa tumezoeana sana, hakuuliza kitu. Alituma ujumbe mfupi: "Nimekukumbuka. Si lazima unijibu." Baadaye akatuma picha ya paka aliyelala juu ya kompyuta. Kisha ujumbe mwingine. Miezi ilipita bila mimi kumjibu, naye hakununa. Siku nilipojibu, alipokea mazungumzo kana kwamba tuliagana jana yake. Hakunipa kazi wala pesa. Ila zile usiku nilizojiambia hakuna anayejali kama nipo, simu yangu ilikuwa na ushahidi kwamba najidanganya.

Nilikuja kusoma habari za Jerome Motto, daktari wa magonjwa ya akili wa San Francisco. Aliwafuatilia watu 843 waliokuwa wamelazwa kwa sababu ya sonona au hatari ya kujiua, kisha wakakataa kuendelea na matibabu. Kundi moja liliandikiwa barua fupi mara kwa mara kwa miaka 5: tunatumaini u mzima, ukipenda tuandikie. Hakuna miadi, hakuna mahubiri. Matokeo yaliyochapishwa 2001 yalionyesha kwamba katika miaka 2 ya mwanzo, waliojiua miongoni mwa walioandikiwa walikuwa wachache kuliko kwa wenzao. Barua tu, jamani!

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mwandikie rafiki yako mistari miwili leo. Usimuulize anaendeleaje kama huna nafasi ya kusikiliza. Wiki ijayo mwandikie tena. Asipojibu, mwandikie tena. Akianza kutaja kufa, hapo salamu hazitoshi: nenda kwake, usimwache peke yake, mtafutieni mtaalamu.

Na tuache hii tabia ya kuhesabu nani alimtafuta nani mara ya mwisho. "Mbona yeye hanitafuti?" Hakutafuti kwa sababu hata kuamka kitandani kwake ni kazi. Mnataka mpaka awabembeleze ndipo mumpende?

Wale walionipotea? Baadhi wamerudi sasa, wana maswali kuhusu nafasi za kazi. Huwa nawajibu, ingawa si siku hiyohiyo.