Maswali ya Wasomaji: Sanamu Ufukweni

SWALI: Ndugu mhariri, kikundi chetu kitaonyesha sanamu za chuma kwenye kiwanja cha wazi ufukweni kwa miezi sita. Tumeona picha za kazi ya mchongaji Richard Serra huko Storm King, bustani ya sanamu Marekani: mabamba yenye kutu nyekundu yaliyozama kwenye mteremko wa majani. Tukiacha chuma chetu kishike kutu vilevile, kitadumu? Na tuzisimike vipi?
Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Kwenu haitafaa. Kazi hiyo ya 1990–1991 ni ya chuma cha Cor-ten, chenye shaba na kromi kidogo. Kikilowa na kukauka kwa zamu, kutu yake hugandamana ikawa ngozi ya kukinga chuma cha ndani. Storm King iko bara. Ufukweni chumvi huvuta unyevu wa hewa, chuma hakikauki sawasawa, na kutu hubanduka magamba kwa magamba. Chuma cha kawaida cha dukani ndiyo kabisa!

Chuma chenu kichovyeni kwenye zinki iliyoyeyushwa kwa moto, kisha mpake rangi. Bomba lililozibwa pande zote litobolewe kwanza. Unyevu ulionaswa ndani unaweza kulipasua likiwa kwenye zinki.

Kwa sanamu ya mita 2, chimbeni shimo la sentimita 80 kwa 80, kina 50, mshindilie chini. Zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) litakula mifuko miwili ya saruji ya kilo 50. Msichote mchanga wa ufukweni, chumvi yake hula chuma kilichomo ndani ya zege. Upepo wa mita 30 kwa sekunde ukipiga uso bapa wa mita moja ya mraba husukuma kama mzigo wa kilo 65 hivi, na msingi huo una zaidi ya kilo 700. Waogopeni zaidi vijana wanaoning'inia ili wapigwe picha. Fungeni kwa boliti nne za milimita 16 za chuma cha pua daraja la 316, na washa (pete bapa) za plastiki katikati, maana chuma cha pua kikigusana na zinki kwenye maji ya chumvi, zinki ndiyo huliwa.

Kabla ya kumwaga zege, simamisheni fito na shuka za kimo kilekile cha sanamu mzitazame kutoka njiani. Bagamoyo jua huchomoza baharini: asubuhi anayetazama maji ataona kivuli cheusi tu. Alasiri jua huwa mgongoni kwake, na hapo rangi na mikunjo huonekana. Wageni waalikeni saa kumi.

SWALI: Vinyago vya mpingo je, vikae nje?

JIBU: Visikae. Juani ngozi ya nje hukauka na kusinyaa kabla ya kiini, ndipo mti unapopasuka, hasa kwenye ncha. Kwa kazi ya nje tumieni mvule, na kitako kiinuliwe sentimita 3 juu ya zege ili maji yasituame chini yake.