Re: sisimizi anakufa mapema, mbona shimo lao lipo miaka na miaka?

Mkuu jibu ni malkia, yule mmoja anayetaga mayai yote ya shimo. Chukua wale sisimizi wekundu wanaokusanya mbegu kwenye nyasi kavu huko Marekani, mpakani mwa Arizona na New Mexico, mtafiti wa sisimizi Deborah Gordon na timu yake wanayahesabu makoloni yao (koloni ni familia nzima ya shimo moja) kila mwaka tangu miaka ya 1980, lipi limekufa lipi jipya. Kibarua, yaani sisimizi wa kazi, anaishi kama mwaka tu, malkia anapiga hata miaka 20 na zaidi, na cha ajabu anapandana na madume siku ile moja tu ya kuruka msimu wa mvua halafu mbegu zao za kiume anazitunza mwilini anazitumia mpaka anakufa. Kwahiyo mle ndani karibu wote wanabadilika kila mwaka ila mama ni yuleyule.

Koloni likifika miaka 5 hivi lina vibarua kama elfu 10, hapo ndo linaanza kutoa malkia wachanga, na wengi wao wanakufa mapema, mwingine anachimba karibu na koloni kubwa ananyimwa chakula na jirani basi kwisha. Malkia akifa harithiwi, vibarua wanaisha taratibu na koloni limekufa.

Walipopima DNA ndo wakagundua ni kama robo tu ya makoloni ndo yaliyofanikiwa kupata makoloni watoto, tena sio yale yanayohangaika sana kutafuta chakula, ni yale yanayobana matumizi siku kavu, yanabaki ndani yasipoteze maji