Maswali ya Wasomaji: Reli Ipi Itafanana na Njia ya Zamani ya Kusini?

SWALI: Ndugu Mhariri, mjomba wangu, ambaye alikuwa baharia, aliniletea kutoka Ujerumani seti ya treni ya mfano ya skeli ya 1:87 (yaani ndogo mara 87 kuliko treni halisi), yenye injini, mabehewa matatu na reli za kuunganisha. Marehemu babu yangu alifanya kazi kwenye reli iliyotoka bandari ya Mtwara kwenda Nachingwea, nami ninajenga kipande cha njia hiyo juu ya meza ya futi 8 kwa 4. Tuta na minazi vimependeza, lakini nikishaweka reli, kazi yote inageuka kuwa mchezo wa mtoto. Ninunue reli za aina gani?
Msomaji, Mikindani, Mtwara

JIBU: Ndugu msomaji, swali lako limenigusa, kwa sababu njia ile iliyojengwa wakati wa mradi wa karanga wa serikali ya kikoloni ya Uingereza ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na reli zake zikang'olewa, kwa hiyo kijana wa leo wa Mtwara au Lindi hana mahali pa kwenda kuiona. Anayeijenga upya juu ya meza anafanya kazi ya kumbukumbu, na inastahili kufanywa kwa vipimo sahihi.

Kinacholisumbua jicho lako ni vitu viwili, upana wa njia na kimo cha reli. Njia ya Kusini ilikuwa na upana wa mita moja kati ya reli na reli, kama Reli ya Kati ya zamani. Reli za seti yako zimeachana kwa milimita 16.5, na ukizidisha kwa 87 unapata karibu milimita 1,435, yaani upana wa reli mpya ya SGR itokayo Dar es Salaam. Umejenga mazingira ya Kusini ya miaka ya 1950, kisha ukayapitishia njia pana ambayo haikuwahi kufika huko.

Kuhusu kimo, reli za mfano hupewa namba inayohesabu sehemu za elfu za inchi: namba 100 ina kimo cha milimita 2.54, namba 83 ina 2.1, na namba 70 ina 1.78. Seti nyingi za kuanzia huja na namba 100, ambayo kwa skeli ya 1:87 ni sawa na reli yenye kimo cha sentimita 22, ndefu kuliko hata reli nzito za treni za mizigo za Marekani. Reli nyepesi za njia ndogo huwa na sentimita 10 hadi 12 tu. Laza kipande cha namba 100 kando ya kipande cha namba 70, inama mpaka jicho lako liwe sawa na meza, na utaona cha kwanza kimesimama kama ukuta mbele ya magurudumu, ilhali cha pili kimetulia chini ya treni.

Hapo una njia mbili. Ya kwanza ni kubaki na skeli ya 1:87 na kununua reli za upana wa milimita 12, ambazo zimetengenezwa mahususi kwa njia za mita moja. Kampuni ya Peco ya Uingereza ni mojawapo ya wanaoziuza. Njia hiyo ni safi, lakini injini ya mjomba itabaki kabatini, kwa kuwa magurudumu yake hayataingia.

Njia ya pili ndiyo ninayokushauri, ingawa ina kazi zaidi. Acha upana wa milimita 16.5 kama ulivyo, ubadilishe skeli ya vitu vingine vyote iwe 1:64. Kwa skeli hiyo, upana huo unakuwa milimita 1,056, unaokaribia sana ule wa TAZARA wa 1,067, na ndiyo maana watengenezaji wengi wa New Zealand na Afrika Kusini, ambao reli za nchi zao zina upana huohuo wa 1,067, hutumia mpango huu. Kwa njia ya mita moja unakosea kwa chini ya milimita 1 juu ya meza, kosa ambalo hata mimi silioni nikiwa nimesimama. Chasisi na mota ya injini vitabaki, nawe utatengeneza bodi mpya ya injini na ya mabehewa kwa kadibodi au bati jembamba, pamoja na stesheni na watu kwa kipimo hichohicho. Kwanza, hata hivyo, igeuze injini juu chini: ukiona kibati kirefu cha chuma kikining'inia katikati, injini hiyo huchukua umeme kwenye vinundu vya katikati ya njia kwa mfumo wa Märklin, kampuni ya Kijerumani ya treni za mfano, na haitatembea kwenye reli mbili za kawaida bila kufanyiwa marekebisho.

Ukichukua njia hii ya pili, usinunue reli zilizokwisha kushikizwa kwenye mataruma (vile vipande vinavyokingama chini ya reli) ya plastiki, kwa sababu mataruma ya 1:87 yatakuwa madogo na yamesongamana. Nunua reli tupu za namba 70, kisha chonga mataruma mwenyewe. Taruma la mita 2 linakuwa na milimita 31, na upana wake ni kama 3. Vijiti vya mishikaki vilivyopigwa msasa upande mmoja vinafaa sana, ukiviachanisha kwa milimita 10 kutoka katikati hadi katikati. Kila baada ya mataruma manne, weka moja la bodi ya saketi yenye shaba, ambayo fundi redio anaweza kukukatia, ulehemu reli juu yake kwa risasi, na ukwangue shaba katikati ya kila kipande, la sivyo utapata shoti. Faida nyingine ni kwamba reli iliyolehemiwa hivi haina vishikizo vya plastiki upande wa ndani, kwa hiyo kingo ndefu za magurudumu ya seti ya zamani hazitagonga.

Tazama picha za wakati ule kabla ya kuchonga. Ukiona mataruma yenye ncha zilizokunjwa na kuzama kwenye kokoto, hayo ni ya chuma, kama yale yaliyotumika sana kwenye Reli ya Kati, na utayatengeneza kwa kadibodi ngumu badala ya mti.

Mwisho, usifunge duara. Meza ya futi 4 inakulazimisha kukata kona ya nusu kipenyo cha sentimita 55 hivi, sawa na mita 35 za kweli, na hakuna reli nzuri itakayouficha ukali huo. Ipitishe njia kutoka pembe moja hadi nyingine kwa mkunjo mpole mmoja, iingie nyuma ya mikorosho na kuishia hapo.

SWALI: Nimekwisha kulaza reli zangu. Je, mchanga wa ufukweni unafaa kuwa kokoto?
Msomaji, Lindi Mjini

JIBU: Ukubwa wake unafaa, kwa maana kokoto ya sentimita 5 kwa skeli ya 1:87 ni punje isiyozidi milimita 0.6. Tatizo ni chumvi, ambayo huvuta unyevu na kula reli. Uoshe kwa maji yasiyo ya chumvi mara kadhaa, uanike, upitishe kwenye chujio cha chai, kisha pitisha sumaku juu yake, kwa kuwa punje nyeusi za chuma zikinaswa na mota zitaiharibu. Umwage, uusawazishe kwa brashi, unyunyizie maji yenye tone la sabuni ya vyombo, ndipo udondoshe gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji. Usiguse kwa gundi ndimi za njia panda, yaani vipande vya reli vinavyosogea pale njia inapogawanyika. Rangi ya kutu pakaza ubavuni mwa reli kabla ya kumwaga mchanga, na ufute juu ya reli ingali mbichi, maana umeme hupita hapo.