Kinyesi cha kunguru kwenye boneti: kwa saidia fundi wangu wa rangi

Wadogo zangu, juzi nimewakuta wawili mnasugua mavi makavu ya kunguru kwenye boneti nyeusi, kwa kitambaa kikavu, saa saba mchana, boneti yenyewe haishikiki kwa moto. Bidii yenu naipenda kweli. Lakini ndani ya kinyesi kile kuna mchanga na vipande vya mbegu, kwa hiyo mlikuwa mnapiga msasa bila kujua. Na kwa kunguru wa Dar es Salaam, magari yanayolala chini ya mikungu na miarobaini tutaletewa kila siku. Tusikilizane.

1. Gari liingie kivulini, lipoe. Kitambaa kilichojaa maji kilazwe juu ya kinyesi dakika kumi, kisha kinyanyuliwe. Usifute!

2. Kinyesi cha ndege kina asidi ya yuriki, ila jua ndilo linalomaliza kazi. Klia, yaani lile tabaka angavu la juu ya rangi, ikipata moto hulainika na kutanuka, huku kinyesi kikikauka na kuwa kigumu juu yake. Jioni klia inaponywea, inashika umbo la kile kilichoigandamia. Ndiyo maana mnaosha, uchafu umetoka, alama imebaki kama mhuri. Alama changa hupungua yenyewe mara nyingine, gari safi likikaa juani kidogo, basi msikimbilie mashine.

3. Pitisha kucha. Isiponasa, polishi na pedi laini zinatosha. Ikinasa, msasa wa maji namba 2000, kisha 3000, halafu kampaundi, ile dawa nzito ya kusugulia.

4. Kingo. Hapa ndipo nilipoumia, na ndipo ninapowaona mnaelekea. Nikiwa fundi mchanga, mzee mmoja alileta gari jeusi, rangi ya kiwandani haijawahi kuguswa. Alama ilikuwa karibu kabisa na ukingo wa boneti. Akaniambia, "Kijana, ipunguze tu." Nikamwitikia, kisha nikataka iishe. Nikapiga msasa wa 1500, nikashika mashine yenye pedi ya sufu, nikaongeza mwendo, nikailaza kwenye ukingo. Alama ikafifia, nikafurahi. Pedi ikaanza kutoka nyeusi. Nikadhani ni uchafu, nikaendelea. Nilipofuta, palikuwa na kiraka kisichong'aa, na katikati yake praima ya kijivu, ile rangi ya msingi ya chini, inachungulia.

Klia ya kiwandani mara nyingi ni maikroni 40 hadi 50, yaani kama sehemu moja ya ishirini ya milimita. Ukingoni ni nyembamba zaidi, kwa sababu rangi mbichi hukimbia kingo, na mashine nayo huweka uzito wake wote kwenye mstari ule mmoja. Tulipuliza boneti nzima upya kwa gharama ya gereji. Mzee hakugomba. Alisimama akiangalia boneti na fenda, rangi mbili ambazo hazitafanana tena, akasema, "Mimi nilikuambia upunguze." Mpaka leo kauli hiyo inaniuma kuliko hasara. Klia unayoiondoa hairudi. Mteja akisema punguza, punguza. Kingo ziwekeeni tepu kabla ya kuwasha mashine, mkimaliza zipitieni kwa mkono.

5. Pedi ikitoa rangi ya gari, zima. Isipokuwa magari ya zamani yasiyo na klia, hayo hutoa rangi tangu mwanzo. Jaribuni kwanza pasipoonekana.

6. Kipima unene wa rangi kipo kabatini, kitumieni kabla, siyo baada. Kwenye bampa za plastiki hakisomi, huko nendeni taratibu.

7. Malizeni na nta, na sabuni ya unga ikae mbali, inaivua nta yote. Mteja akija kuchukua gari, mwambieni aweke chupa ya maji na kitambaa kwenye buti, na akikuta kinyesi asubuhi akitoe kabla jua halijapanda. Wengi hawajawahi kuambiwa.